Chungu cha Don Quixote Mikindani: agiza makongoro, chungu omba bila nyanya

Mgahawa mmoja wa Mikindani umeingiza mapishi ya Kihispania ya karne ya 16 na 17, yale yanayotajwa kwenye riwaya za wakati huo. Anza na makongoro. Katika Lazarillo de Tormes (1554), kijana aliyeombaomba mitaani anamgawia bwana wake, muungwana asiye na senti, kipande cha mguu wa ng'ombe, na bwana anausifia mguu huo ukiliwa na mchuzi wa kitunguu saumu. Hapa miguu imebabuliwa, ikakwanguliwa, ikachemshwa hadi ute unanata midomoni. Mchuzi wa saumu, jibini na mafuta umetwangwa kwenye kinu: mzito, hauna uchungu.

Chungu, yaani nyama na dengu zilizochemshwa pamoja, ndicho chenye kasoro. Don Quixote (1605), riwaya ya Cervantes, inafungua kwa kutaja mlo wa shujaa wake: chungu chenye ng'ombe zaidi kuliko kondoo. Hapo msomaji wa enzi hizo alishaujua mfuko wake, maana kondoo alikuwa ghali kuliko ng'ombe, na chakula kilimeza robo tatu ya kipato chake. Mbuzi badala ya kondoo, sawa, hatugombani. Lakini mbuzi ndiye amejaa! Kilo moja ya ng'ombe kwa nusu kilo ya mbuzi ingetosha.

Nyanya sasa. Zilitoka Amerika, na katika mapishi ya Kihispania ya siku za Cervantes zilikuwa bado hazijazoeleka. Viazi mviringo pia vitolewe. Halafu nyanya zinaharibu dengu: ukali wake unazuia ganda kulainika, ndiyo maana dengu zilikuja ngumu huku nyama imeshachambuka. Dengu ziloweke usiku kucha, ziingie kwenye maji ya moto, moto uwe mdogo kwa saa mbili hadi tatu, povu litolewe. Kwa rangi, zafarani inatosha.

Salpicón, nyama iliyobaki ikikatwakatwa baridi na vitunguu, siki na pilipili manga, ni nzuri. Mla kachumbari hataona ugeni. Kwa joto la Mtwara, hakikisha imetoka kwenye friji, si kabatini. Bilinganya imepikwa vizuri tu, na inastahili kuwepo: Sancho, mtumishi wa Don Quixote, analiboronga jina la Cide Hamete Benengeli, Mwarabu wa kubuni anayedaiwa kuiandika hadithi hiyo, likawa la bilinganya.

Agiza siku moja kabla. Ukifika bila taarifa, dengu zitakuwa hazijalowekwa.