Kipima oksijeni cha kidoleni: itazame na namba ya pili

Nilikinunua Kariakoo kwa 35,000, muuzaji alianzia 50,000. Betri zile ndogo za rimoti unajinunulia mwenyewe. Kikakaa kabatini miezi.

Mwezi wa sita mume wangu akashikwa na mafua, si yale ya kupiga chafya huku unaendelea na kazi. Homa, viungo vyote vinauma, siku nne hatoki kitandani. Zahanati wakapima malaria, hamna. Wakamdunga diklofenaki, dawa ya maumivu, tukarudi nyumbani. Siku ya sita homa imeshuka, mimi nashukuru Mungu, yeye analalamika kwamba akilala chali pumzi inakata.

Nikamvalisha kidude. Oksijeni 95. Nilikuwa nakivua nikalale zangu, jicho likaangukia namba ya pili: mapigo 132. Mtu kakaa tu, hana homa! Nikabadilisha kidole, 130. Tukaita bajaji.

Hospitali walipima umeme wa moyo, troponini kwenye damu (protini inayovuja misuli ya moyo ikiumia), kisha eko, yaani ultrasound ya moyo. Virusi vya influenza vilikuwa vimemletea uvimbe kwenye misuli ya moyo. Kila pigo lilisukuma asilimia 30 tu ya damu iliyojaa kwenye chumba kikubwa cha moyo, wakati moyo wenye afya husukuma 55 na zaidi. Alikaa ICU siku tano: oksijeni, Lasix ya kutoa maji mapafuni, na Tamiflu, dawa ya virusi vya influenza. Hiyo hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 48 tangu dalili, ila kwa mgonjwa aliyezidiwa wanaitoa hata akichelewa. Alipotulia, wakaongeza vidonge vya kuupunguzia moyo kazi. Diklofenaki marufuku. Mpira wa Jumapili nao marufuku miezi sita, na hapo ndipo baba watoto aliponuna kweli.

Sasa kasoro. Kidole changu chenye piko hakikisomi kabisa, na rangi ya kucha inakichanganya. Mikono ikiwa ya baridi kinahangaika. Halafu nesi alinieleza kwamba kwa ngozi nyeusi kama zetu vifaa hivi huweza kuonyesha oksijeni kubwa kuliko iliyopo, kwa hiyo ile 95 niliyotaka kulalia haikuwa ya kuiamini sana. Na hakikwambii ugonjwa, kinakwambia uondoke nyumbani.

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya kifuniko cha betri. Kimeshavunjika, nakifunga na kibanio cha nywele cha binti yangu.