Pleya gani ya video kwa apu yako? Anza na bando la mtazamaji

Ukitengeneza apu ya video Nairobi, iwe ya mahubiri, masomo ya KCSE au mechi za mtaani, anayelipia kila dakika ni mtazamaji mwenye bando la siku. Ndiyo maana nimezipanga pleya hizi kwa swali moja: inakupa nguvu gani ya kulinda data yake? Urembo wa vitufe utakuja baadaye.

Namba moja ni ExoPlayer, pleya ya Android iliyo ndani ya maktaba ya Media3 ya Google. Ni ya bure kwa leseni ya Apache 2.0, na simu janja za Tecno, Infinix na Itel zilizojaa mjini zote ni Android. Naiweka mbele kwa sababu karibu kila kinachogusa data unaweza kukirekebisha. Chukua akiba ya video: usipoigusa, pleya hupakua mbele hadi sekunde 50 hivi. Kwa video ya megabiti 1 kwa sekunde, hizo ni kama megabaiti 6 (megabaiti moja ni megabiti 8) ambazo mteja ameshazilipia hata akifunga wakati mhubiri bado anasalimia. Ipunguze kwenye DefaultLoadControl, sehemu ya ExoPlayer inayodhibiti akiba hiyo, ila usiibane mno, maana mtandao ukiyumba video itakwama. Kisha tumia setMaxVideoSizeSd, amri inayozuia picha kuzidi ukubwa wa SD, mtu anapokuwa kwenye data ya simu. Saa moja ya megabiti 2.5 kwa sekunde hula zaidi ya gigabaiti 1; ukishusha hadi 0.8 ni megabaiti 360 tu. Tena mwanafunzi anaweza kupakua somo kwa Wi-Fi, akalitazama baadaye ndani ya matatu bila mtandao. Ukikuta mafunzo yenye com.google.android.exoplayer2, achana nayo. Hilo ni toleo la zamani, sasa ni androidx.media3.

Kwa wanaotumia Flutter, zana ya Google ya kutengeneza apu za Android na iPhone kwa pamoja, programu-jalizi ya video_player hutumia ExoPlayer hiyohiyo kwenye Android, lakini haikufungulii vidhibiti vyote hivi. Kwa apu ya video nyingi, ningeandika sehemu hiyo kwa Kotlin, lugha ya kuandikia apu za Android.

Kwenye iPhone hakuna mjadala: AVPlayer inakuja na mfumo wenyewe, na preferredPeakBitRate inakusaidia kubana data. DASH na HLS ni mifumo miwili ya kutiririsha video vipande vipande; AVPlayer haichezi DASH, kwa hiyo andaa video zako kwa HLS, ambayo ExoPlayer nayo inaicheza vizuri.

Namba mbili, kwa tovuti, ni hls.js, maktaba ya JavaScript inayocheza HLS kwenye kivinjari. Washa capLevelToPlayerSize, kwa kuwa huja ikiwa imezimwa. Bila hiyo, kidirisha kidogo cha simu kinaweza kuvuta picha kubwa bila faida. Ukiwa na DASH au video zinazohitaji ulinzi wa Widevine, mfumo wa Google wa kuzuia video kunakiliwa, nenda Shaka Player.

Namba tatu ni libVLC, maktaba iliyo ndani ya pleya ya VLC. Inacheza karibu kila faili utakayoipa, na kwa apu ya kufungua mafaili ya watu kutoka kwenye flashi ningeichagua bila kusita. Kwa kutiririsha, hapana: inaongeza uzito wa apu, na kuipakua apu pia ni data. Soma na masharti ya leseni yake ya LGPL kabla ya kuuza.

Za kulipia, kama Bitmovin, THEOplayer (sasa Dolby OptiView) na JW Player, ziko mwisho. Zina maana ukihudumia televisheni za aina nyingi na unataka mtu wa kumpigia mambo yakiharibika. Uliza mapema kama bei inahesabiwa kwa kila video inayochezwa, na kama ni kwa dola ilhali wateja wako wanakulipa shilingi kwa M-Pesa.

Kabla ya kuamua, nunua simu ya bei nafuu yenye RAM ya GB 2 katika maduka ya Luthuli Avenue, andaa video kwa H.264 (muundo wa kubana video), kisha panda matatu ya Thika Road ukitazama nusu saa. Fungua mipangilio ya simu usome data iliyoliwa na apu yako. Ikizidi sana hesabu uliyofanya kwenye karatasi, rudi kwenye akiba na ukubwa wa picha kabla hujafikiria kubadilisha pleya.