Bastola ya dola 4.50: Iver Johnson, gonga nyundo uone

Wadau mambo, karibuni tena, mliouliza kwenye komenti mbona kimya wiki mbili nilikuwa nahama nyumba, sasa tuko sawa. Leo nina hiki kidude, oneni, kinaenea kiganjani, Iver Johnson Safety Automatic ya risasi za ukubwa wa .32, inabeba tano, ya kampuni ya Iver Johnson ya Fitchburg, Massachusetts, Marekani. Uzito na urefu sisomi, mnajua.

Hiyo "Automatic" isikuchanganye, hii ni rivolva, bastola ya silinda inayozunguka; maana ya "Automatic" ni hii tu: ukiikunja hapa... kacha! maganda yanasukumwa nje yenyewe.

Sasa ninachokipenda. Silinda tupu, matundu matano yote mnayaona. Nachukua nyundo ya misumari naigonga nyundo ya bastola, ko! ko! ko! kwa nguvu kabisa. Kwenye bastola nyingi za bei chee za enzi zile, ingekuwa na risasi ungeshajipiga paja. Hapa nyundo haiigusi pini, ile inayogonga risasi ilipuke, sogeeni muone, imekalia fremu. Mpaka uvute triga hadi mwisho ndo kuna kipande cha chuma kinapanda, hicho hicho, kinakaa kati ya nyundo na pini, kinapokea pigo kinalipitisha. Ukiachia triga kinashuka. Ngoja nirudie taratibu... kinapanda... kinashuka. Jamani, miaka ya 1890 hiyo! Na matangazo yao yalisema hivyo hivyo, gonga nyundo, na ilikuwa kweli.

Smith & Wesson, kampuni pinzani, ilikuwa safi zaidi, nakubali, ila bei yake juu, hii kibarua wa kiwandani aliimudu. Ndo hapo inaponiuma: Leon Czolgosz alinunua moja mjini Buffalo, New York, kwa dola 4.50, Septemba 2, 1901, siku nne baadaye akaificha ndani ya leso akaingia kwenye foleni ya kumpa mkono Rais McKinley wa Marekani, akampiga mbili. Tarehe 14 rais akafa. Bastola yenyewe ipo makumbusho ya Buffalo mpaka leo.

Na huyu bundi kwenye mpini ni nembo yao, mama alipomwona kwenye video kol akaniambia litoe hilo ndani ya nyumba, kwetu bundi ni msiba. Nimemwelewa, inakaa sefuni.

Yangu nimeitoa mnadani dola 180. Ukipata ya kabla ya 1909 kama hii, chuma chake ni cha baruti nyeusi ya zamani, ile ya moshi mwingi, risasi za dukani za sasa usiweke kabisa, inaweza kupasuka mkononi. Wiki ijayo naifungua yote mezani, skrubu moja moja.