Fundi wa skuta za wazee anayekuja mpaka nyumbani, Kampala: nilivyomuona mimi

Wenye hizi skuta za umeme za wazee na walemavu, zile ndugu wanatuma kutoka Uingereza au Marekani, mnajua shida yake. Inafika nzuri, inatembea, halafu siku moja inagoma na hujui uipeleke kwa nani, wa pikipiki anakwambia hii sio kazi yangu, wa redio anaogopa mota. Mama yangu anaitegemea kwenda msikitini na sokoni hapa Kibuli, ikilala na yeye amelala ndani, ndo maana naandika kwa urefu.

Duka moja mjini walishatwambia mota imekufa tuagize nyingine nje. Huyu fundi (kijana, anafanyia kazi Katwe ila anakuja nyumbani ukimpigia) hakugusa hata mota kwanza. Alianza na ile leva ya nyuma ya kuachia magurudumu, manake ikiwa imeachiwa skuta nyingi zinakataa kabisa kuondoka na watu wanadhani imeharibika. Akabonyeza ile fyuzi ya kubonyeza, akakwangua kutu kwenye vichwa vya betri, ndo akaja kwa betri zenyewe. Ya mama iko na betri 2 za volti 12 zimeungwa pamoja zinatoa 24, kama zilivyo nyingi. Zikiwa zimetulia kila moja ilisoma kama 12.7, yaani mtu yeyote angesema ziko salama. Yeye akavuta nyaya ndefu mpaka kwenye mita yake akasema, "Hajati, samahani, panda kidogo hapo kwenye mteremko wa geti." Mama akapanda, betri moja ikaporomoka chini ya 10 palepale tunaangalia. Mota nzima kabisa! Kupima betri ikiwa imebeba mzigo, hicho tu, na hapo kwenye lile duka hakuna aliyefanya.

Hakutuuzia betri yeye, na hilo nimelipenda sana, alituandikia saizi na zile ampea zilizo kwenye stika tukanunua wenyewe kwenye maduka ya sola. Alisisitiza tununue zote 2 siku moja na za kampuni moja, manake ya zamani itaivuta mpya chini. Betri ya gari usiweke, ile imetengenezwa kuwasha injini sio kutoa moto polepole saa nzima. Za UPS nazo zinafanana kwa macho lakini hazidumu kwenye kazi hii, uliza zile zilizofungwa za AGM au jeli za kuchaji na kumaliza kila siku.

Halafu akakaa chini na mama, sio na mimi, akamfundisha. Kila ukirudi chomeka, hata kama ulifika dukani tu, uache usiku mpaka taa iwe kijani. Betri za risasi kama hizi (madini ya risasi ndani) zikiachwa tupu zinaganda chumvi ndani na hazirudi tena vile zilivyokuwa, kwa hiyo hata mwezi wa Ramadhani asipotoka sana bado ichajiwe. Umeme ukikatika usihangaike ukirudi itaendelea, ila tuweke stabilaiza manake ule moto unaorudi kwa nguvu ndo unaua chaja. Na someni stika ya chaja jamani, kama imetoka Marekani na imeandikwa volti 115 peke yake usiichomeke kwenye 240 yetu, itafute iliyoandikwa 100-240.

Kuna mengine mawili ambayo naona ni ya usalama kabisa. Moja, ukiachia ile leva skuta haina breki ya umeme tena, na huu mlima wa Kibuli mnaujua, kwa hiyo kusukuma kwa mkono ni mahali tambarare tu na mzee asiwe amekaa juu. Mbili ni pancha. Vijana wa pancha za boda wanaweza kuziba tyubu vizuri, lakini rimu nyingi za skuta hizi ni vipande 2 vimefungwa kwa bolti, upepo utolewe WOTE kabla ya kufungua hata bolti moja, la sivyo zinaruka usoni kwa mtu. Mwambie kijana kabla hajashika spana.

Kuosha, kitambaa chenye unyevu basi. Usiipeleke kwa wale wa kuosha magari na mashine ya presha, maji yakiingia kwenye kontrola, yaani kile kisanduku kinachoongoza umeme wa mota, pesa yake utalia.

Sasa mabaya. Anachelewa, anasema asubuhi anakuja alasiri na simu haishiki, na mzee amekaa anamsubiri, hii inaniuma kweli. Risiti hatoi mpaka umdai. Na vifaa vya kontrola hana, ikiungua hiyo bado utaagiza nje. Lakini kwa kujua ugonjwa wenyewe kabla ya kukuuzia kitu sijaona wa kumlinganisha naye hapa, mama saa hii anaenda na kurudi bila wasiwasi.

Walioko Mukono na Entebbe aliniambia anawafikia ila nauli ya boda juu yako, mkubaliane bei kabla hajaondoka Katwe, na mwambieni mapema saizi ya betri.