Uzoefu wangu: nyumba ya wazee iliyomwacha Papa, baba yangu, getini kwa ajili ya noti iliyopasuka

Kwa wanaouliza kama kuna mahali pa kumweka mzee hapa Lubumbashi: papo, na ningekuwa ninyi nisingekwenda. Mnivumilie, hasira bado iko kooni.

Jina la nyumba nalificha. Iko upande wa Golf, ni ya mtu binafsi, si ya masista. Bei wanayotaja ni dola 250 kwa mwezi: kitanda, chakula na kuogeshwa. Pampasi, dawa, daktari na mchango wa mafuta ya jenereta ni juu ya familia, na hayo mtayajua mkishalipa mwezi wa kwanza. Pampasi ndizo zinazomaliza watu.

Papa ni mzee wa Gécamines, ile kampuni ya madini ya serikali. Alitoka 2003 kwenye ile départ volontaire, yaani kuacha kazi kwa hiari, iliyolipiwa kwa fedha za Benki ya Dunia, yeye na wenzake zaidi ya 10,000. Kabla ya hapo kampuni ilikuwa ndiyo kila kitu: nyumba, hospitali, shule ya watoto, hata bunga (unga) ya mwezi. Kwa hiyo asije mtu kuniambia wazee wale hawakujua kuweka akiba. Nani angeweka akiba ya kitu anachopewa? Pensheni ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, anaipata, inamalizikia kwenye dawa za sukari na presha. Iliyobaki ni sisi: mimi, mdogo wangu aliye UNILU, chuo kikuu cha hapa, ambaye mfukoni hana kitu, na dada yetu wa Kolwezi anayetuma kwa simu. Mama yeyote aliyeuza mboga sokoni maisha yake yote hana hata hiyo pensheni. Yeye atakwenda kwa watu wa Affaires sociales, ofisi ya ustawi wa jamii, kutafuta cheti cha umaskini, ambacho huenda kikampunguzia bili hospitalini, lakini cha kumlipia mtu wa kumwogesha hakuna.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa mwanzo wa mwezi, katikati ya kipindi cha baridi, zile asubuhi ambazo vidole vinashindwa kufunga vifungo vya koti. Papa alikuwa kwangu kwa sababu ya matanga ya shemeji yake, tukawa tunamrudisha. Sharti lao ni kwamba mwezi mpya ulipwe kabla mzee hajavuka geti. Sawa. Nikatoa noti mbili za mia na moja ya hamsini. Kwa simu hawapokei, franka hawataki, ni dola tu, tena mkononi.

Keshia akazishika moja moja. Akaziinua kwenye mwanga wa dirisha, akakwaruza kola ya Franklin, yule wa kwenye picha ya noti ya mia, kwa ukucha. Ile ya hamsini akaigeuza, akaigeuza tena, halafu akaisukuma kwangu kwa ncha ya biki. Kulikuwa na mpasuko ukingoni, mdogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, haukukaribia hata sikio la Grant, yule wa kwenye picha ya hamsini.

– Hii ilipasuka, mama. Mulete ingine.

– Mama, muzee amekunywa dawa ya sukari, lazima ale. Aingie, mimi ninakimbia kutafuta ingine.

– Bila falanga yote haingie. Akae pale kwa sentinele, mulinzi wa geti.

Hakumtazama. Mtu mwenye umri wa baba yake, na hata «jambo, Papa» hakuna. Mdogo wangu anasoma sheria, akaona hapo ndipo pa kutumia masomo: akamsomea ibara ya 49 ya Katiba, ile inayosema watu wa umri mkubwa wana haki ya hatua maalum za ulinzi. Keshia akajibu kwamba ibara ya 49 haishoni noti. Pamoja na uchungu wote niliokuwa nao, jibu lile karibu linichekeshe.

Najua, najua, kila mtu hapa kwetu anakataa dola yenye kovu, hata muuza makala ya kupikia. Lakini muuza makala hajaachiwa mzee wa watu.

Nikachukua taksi hadi mjini, kwa wabadilisha pesa wa karibu na Posta. Kijana akaitupia noti jicho, akanipa 45. Sikubishana. Nikaongeza tano zangu, nikarudi. Keshia? Amekwenda kula. Ofisi imefungwa. Papa bado yuko kwenye benchi la sentinele, koti la mdogo wangu mabegani, suruali imelowa, na mfuko wake wa nguo kaupakata mapajani ili wapita njia wasione. Huyu aliongoza timu nzima kiwandani, pale penye lile bomba refu linaloonekana kila upande wa mji. Nami mshahara wangu unakatwa asilimia 5 kila mwezi kwa ajili ya siku nitakapofika miaka 60, na tangu siku ile ninajiuliza ni benchi gani linaningoja.

Keshia aliporudi alipokea pesa, akaandika risiti polepole, akanirudishia chenji ya mchango wa mafuta: noti za franka 500 zilizobandikwa skochi, moja imeungwa kwa plasta ya kidonda. Nikamwonyesha. Akasema: «Hizo zinapita.»

Kwa hiyo sifuri. Msiende.

Ila sifuri hiyo ni ya keshia, na lazima niseme mengine, maana kuna mama mmoja mle ndani, garde-malade, mhudumu wa wagonjwa, ambaye sina haki ya kumtia kwenye kapu hilo. Sentinele ndiye aliyeniambia: nilipokuwa mjini, huyo mama alitoka getini na kikombe cha uji, akamnywesha Papa hapo hapo kwenye benchi, akagombezwa mbele ya watu na kutishiwa kuandikiwa barua. Ndiye anayemwogesha kwa maji ya moto na kumkata kucha. Sikio la kushoto la Papa halisikii. Yeye huzunguka upande wa kulia kwanza, ndipo aseme. Mimi mwenyewe mwanawe bado ninasahau.

Nilimtoa Papa mwezi ulipokwisha. Nikaapa. Nikamweka msichana wa mtaani kwetu kumtunza nyumbani, kwa pesa kidogo kuliko ile, na majirani waliokuwa wakisema tumemtupa mzee wakafurahi. (Majirani hao hao, matanga yakitokea, michango inapatikana usiku mmoja. Ya pampasi sijaiona.) Msichana hakuweza kumwinua peke yake. Papa naye alikataa katakata kuvuliwa nguo na mtoto mdogo kuliko wajukuu wake. Na kila jioni aliuliza habari za mwenzake wa mchezo wa dame (drafti) kule kwenye nyumba ya wazee. Wanacheza kwa vifuniko vya chupa, Papa vya bia ya Simba, mwenzake vya Tembo, na kuna mchezo anaodai aliuacha akiwa anashinda.

Basi amerudi. Ndiyo, pale pale, msinicheke. Chakula si kibaya, bukari (ugali) inakuja ya moto, sombe (kisamvu) mara nyingi, shuka safi. Mkiamua kwenda, pelekeni noti mpya kabisa, fikeni asubuhi kabla keshia hajaenda kula, na ulizeni ni nani atakayemtunza mzee wenu, kwa maana mnalipia huyo mtu, nyumba ni kuta tu. Mkipewa yule mama, lipeni haraka.

Tuseme nyota mbili. Ningeongeza ya tatu, lakini nilimwandikia mwenye nyumba kuhusu zile dola tano na kuhusu benchi, akanijibu kuhusu dola tano tu.