Uzoefu wangu na programu ya daraja ya LPN kwenda RN Marekani: usiulize miezi mingapi, uliza wangapi walimaliza

Nimesoma daraja hili, la kumtoa muuguzi wa vitendo (LPN) hadi muuguzi kamili aliyesajiliwa (RN), katika chuo cha jamii, mihula mitatu baada ya masomo ya awali, huku zamu za nyumba ya wazee zikiendelea. Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imekwenda na ratiba ya wodini, nayo nitaieleza chini. Jina la chuo silitaji, kwa sababu maswali ya kuuliza ni yaleyale uwe Dallas, Minneapolis au Lowell. Walioko Texas na California, popote nilipoandika LPN soma LVN.

Jambo la kwanza linalowapoteza wengi ni neno lenyewe, daraja. Leseni yako ya LPN inakuvusha muhula wa kwanza wa uuguzi, pengine miwili. Unasoma kozi moja fupi ya mpito, kisha unaungana na darasa la mwaka wa pili. Kwenye sayansi haikuvushi. Anatomia na fiziolojia sehemu ya kwanza na ya pili pamoja na maabara zake, maikrobiolojia, uandishi wa Kiingereza, saikolojia ya makuzi na mara nyingi takwimu, yote hayo unayasoma kama wengine. Kwa hiyo tangazo la "RN kwa miezi 12" huhesabu kuanzia siku unayoingia ukiwa na masomo hayo mkononi. Ukianza mikono mitupu, ongeza mwaka au zaidi. Tena sayansi huchacha: vyuo vingi havipokei anatomia iliyozidi miaka 5 au 7. Swali hilo liulize kwa barua pepe ili jibu libaki kwenye maandishi, maana mshauri uliyeongea naye kwa simu Machi huenda Agosti hayupo.

Mtihani wa kuingilia hutegemea chuo. Vingi hudai TEAS, maswali 170 kwa dakika 209. Sisi tuliokulia kwenye Kiswahili tunaogopa sayansi, kumbe pa kujihadhari ni sehemu ya Kiingereza: maswali 37 kwa dakika 37, yakiwemo ya tahajia na alama za uandishi. Hapo hakuna muda wa kutafsiri kichwani. Fanya mazoezi ukiwa na saa mezani.

Sasa ithibati, ambako fedha nyingi zimepotea. Kuna vitu viwili, na watu huvichanganya. Idhini ya bodi ya uuguzi ya jimbo ni lazima. Bila hiyo hukai NCLEX, mtihani wa kitaifa wa leseni ya uuguzi. Ithibati ya kitaifa ni ya hiari kwa majimbo mengi, lakini bila hiyo hospitali za maveterani hazikuchukui, na vyuo vingi vya shahada vitakufungia mlango baadaye. Katika mashirika yanayotoa ithibati hiyo, ACEN hukagua ngazi zote kuanzia LPN. CCNE hukagua kuanzia shahada ya kwanza tu. Basi ukiona programu ya ADN, yaani digrii ya uuguzi ya miaka miwili, inajitangaza kuwa ina ithibati ya CCNE, funga ukurasa. Kwa zote mbili usisome tovuti ya chuo, tafuta jina la chuo kwenye orodha ya bodi na ya ACEN wenyewe.

Atakayekwambia kuna njia ya mkato, mkumbushe Januari 2023. Serikali kuu iliwashtaki watu 25 kwa kuuza vyeti vya uuguzi kutoka shule tatu za Florida, vyeti zaidi ya 7,600. Shule zilikuwa na majina na ofisi. Walichouziwa watu ni karatasi tupu bila siku moja wodini. Waliokuwa wamekwisha kupata leseni kwa karatasi hizo walianza kuandamwa na bodi za majimbo. Programu isiyoweza kukwambia wodi gani, hospitali gani na saa ngapi za vitendo, iache.

California ina mtego wa aina nyingine, na huu ni halali kabisa. LVN anaweza kusoma yuniti 30 na kuruhusiwa kufanya mtihani wa RN bila kupata digrii. Ni rahisi na ni haraka, ila majimbo mengine hayaitambui leseni ya njia hiyo. Ukihama kumfuata ndugu Texas, unarudi kwenye LVN. Mimi simshauri mtu yeyote njia hii ila aliyenunua nyumba huko na hana mpango wa kuhama.

Kiwango cha kufaulu NCLEX ndicho vyuo hupamba kwenye vipeperushi, nacho peke yake hakisemi lolote. Chukua mfano wa darasa la watu 40. Katikati wanaanguka 18, wanabaki 22, na 20 kati yao wanafaulu NCLEX. Chuo kinaandika asilimia 91, na hakidanganyi. Lakini ukiingia wewe, nafasi yako ilikuwa nusu kwa nusu. Omba kiwango cha waliomaliza kwa wakati. Programu nyingi zenye ithibati ya ACEN hukiweka wazi. Kisha uliza kama kuna mtihani wa mwisho wa HESI au ATI unaozuia watu kuhitimu, na mtu akiufeli anarudia mara ngapi. Kuna vyuo hulinda asilimia zao kwa kuwaweka wanafunzi mlangoni.

Alama ya kupita huwa 75 hadi 80 na haisogezwi juu. Kama ni 78, basi 77.9 ni kufeli. Kwingi ukifeli kozi mbili umetoka. Hesabu za dozi ni kali zaidi, 90 na kwingine 100. Tazama hili: mgonjwa ana ratili 176, heparini ni yuniti 18 kwa kilo kwa saa, na mfuko una yuniti 25,000 katika mililita 250. Gawa 176 kwa 2.2, upate kilo 80. Mara 18 ni yuniti 1,440 kwa saa. Kila mililita ina yuniti 100, hivyo pampu unaiweka 14.4. Anayesahau kugawa kwa 2.2 anapata 31.7, dozi zaidi ya mara mbili ya dawa ya kuzuia damu kuganda. Wengi wanaofeli hufelia hapo hapo, ingawa hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi.

Nije kwenye nyota yangu. Tangazo lilisema "jioni na wikendi". Nadharia kweli ilikuwa jioni. Zamu za wodini zilitangazwa wiki mbili kabla ya muhula, saa 12:30 asubuhi, siku za kazi, hasa uzazi na watoto ambako nafasi hospitalini ni chache na vyuo vinazigombania. Kwa mtu anayebeba boksi usiku, hiyo ni kutoka zamu na kuingia zamu. Usiombe ratiba ya muhula ujao, kwa sababu hawanayo. Omba ya muhula uliopita, uone wenzako walipangiwa siku gani.

Makaratasi ya afya nayo huchelewesha watu wetu kwa sababu ya kovu la BCG mkononi. Kipimo cha TB cha ngozi kinaweza kuvimba kwa ajili ya chanjo hiyo, ukaishia kwenye eksirei na barua za daktari wiki ya kwanza ya muhula. Omba kipimo cha damu tangu mwanzo, chanjo ya BCG haikidanganyi. Pima pia kinga ya surua, tetekuwanga na homa ya ini B mapema: ukikosa kinga ya homa ya ini, dozi tatu huchukua kama miezi sita.

Ada: chuo cha jamii hakina mpinzani kwa mkazi wa eneo. Mwenye kadi ya kijani ajaze FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali. Ruzuku ya Pell ilifika dola 7,395 mwaka wa masomo 2024–25, na hairudishwi. Mwenye viza ya mwanafunzi haipati. Weka akiba pembeni ya sare, ukaguzi wa rekodi za polisi, vifurushi vya mazoezi ya mitihani vya ATI, na dola 200 za kujiandikisha NCLEX kabla ya ada ya leseni ya jimbo.

NCLEX yenyewe ilibadilika tarehe 1 Aprili 2023. Ni maswali 85 hadi 150 ndani ya saa 5, na visa virefu vya mgonjwa mmoja. Hasara yetu LPN ni mazoea ya kazi. Kazini tukiona jambo tunamwita RN. Kwenye mtihani RN ni wewe. Mgonjwa wa moyo ameanza kuhema: anayekimbilia "mpigie daktari" amekosa. Inua kichwa cha kitanda, sikiliza mapafu, ndipo upige simu. Na tathmini ya kwanza ya mgonjwa, mafundisho yake na maamuzi havigawiwi kwa LPN, hata kama kazini umevifanya miaka kumi.

Kama utafanya kazi New York, sheria ya Desemba 2017 inawapa RN wapya miaka 10 kupata BSN, yaani shahada ya kwanza ya uuguzi. Kwa hiyo kabla hujalipa ADN, omba mkataba wa kuhamisha krediti kati ya chuo hicho na chuo kikuu, uone ni krediti ngapi hasa zinahamia.