Tamthilia ya vikaragosi ya wanafunzi: walioiharibu si wao

Nianze kwa kusema kwamba sina ugomvi wowote na wanafunzi. Hasira yangu ni kwa msimamizi wao, ambaye kwa dakika chache tu alibomoa kazi iliyoonekana wazi kuwa ni ya mazoezi marefu.

Mhusika mkuu alikuwa kikaragosi cha bibi kizee, mwenye kimo cha mtoto, aliyechezeshwa na wanafunzi watatu kwa mtindo wa Bunraku wa Japani: mmoja alishika kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, na wa tatu miguu. Walivaa nguo nyeusi na nyuso zao hazikufunikwa, lakini haukupita muda mrefu nikaacha kuwaona, kwa sababu wote watatu walimkazia macho bibi na hakuna hata mmoja aliyeitupia hadhira jicho. Mtazamaji hutazama pale mchezeshaji anapotazama, na kanuni hiyo nimeona hata wazoefu wakiisahau. Tena walimpa pumzi. Kila alipotaka kusema, kifua kilipanda kidogo kwanza, kisha kichwa kikafuata. Alipoambiwa kwamba mwanawe harudi tena, pumzi ile ilisita, na ukumbi mzima ukanyamaza pamoja naye.

Hapo ndipo kiungo cha kiwiko cha kushoto kilipoachia na mkono ukaanguka. Hilo hutokea, kwani viungo vya vikaragosi huchakaa kwa kutumika. Mwanafunzi aliyeushika hakubabaika: aliuokota polepole, akaulaza mapajani mwa bibi, na mwenzake wa kichwani akamwinamisha bibi autazame mkono wake mwenyewe. Sikumbuki kuona huzuni iliyoigizwa vizuri kuliko ile, nayo haikuwa imeandikwa popote.

Kisha msimamizi akapanda jukwaani, akaamuru taa za ukumbi ziwashwe, akatuomba radhi kwa kile alichokiita hitilafu ndogo, akamnyakua bibi kwa shingo na kuondoka naye akining'inia kama kuku anayepelekwa sokoni. Watu wakacheka. Mwanafunzi wa miguu alibaki amepiga magoti, mikono yake ikiwa bado imekunjwa kushika visigino visivyokuwapo.

Onyesho lilipokwisha nilimfuata msimamizi nikamweleza kwa adabu kwamba wanafunzi wake walikuwa wamekwisha kuiokoa hali. Hata hakunigeukia. Alisema, "Ndugu yangu, kile ni kitambaa na sponji tu." Mtu aliyekabidhiwa vijana awafundishe namna ya kukifanya kitambaa kiwe mtu, na waliofanikiwa mbele ya macho yake, ndiye anayenijibu hivyo!

Nilitoka nikiwa nimeazimia kumwambia kila mtu asihangaike kwenda. Sasa naona kwamba kufanya hivyo ni kuwaadhibu wasiostahili, maana bibi alirudishwa mkono ukiwa umefungwa kwa utepe, na wale watatu wakaanza upya kwa pumzi ileile, ingawa ukumbi ulichukua muda mrefu kuacha kucheka. Kwa hiyo nendeni mkawaone. Mimi wakitayarisha nyingine nitakwenda, ila nitauliza kwanza msimamizi ni nani, na nikitajiwa yuleyule sinunui tiketi.